Pijo la Kisarawe

SEHEMU YA KWANZA

"Kaka, gari hili watu wanne wanalitaka. Tuma milioni mbili ya kishika uchumba, nikufungie."

Zahoro aliisoma meseji hiyo akiwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake la spea, Maili Moja, Kibaha. Juu yake kulikuwa na picha ya Peugeot 404 nyeupe, mapezi yake mawili ya nyuma yamesimama wima, limeegeshwa chini ya mkorosho. Dalali, kijana aliyejulikana kwa jina moja tu la Kiduku, alitaja milioni 18. Chini ya bei aliongeza maneno yaliyomkosesha Zahoro usingizi tangu juzi: "Ndilo gari la Shankland lililoshinda Safari Rally 1966."

Benki alikuwa na milioni 14. Alishapiga hesabu zake. Maharusi wa Dar es Salaam siku hizi wamechoka na magari yanayofanana. Gari la zamani lililong'arishwa, lenye riboni kwenye boneti, halikosi kazi Jumamosi. Alikuwa ameshafungua menyu ya kutuma pesa, imebaki namba ya siri.

"Umeliona?" Sauti ilitoka kwenye benchi la nje ya duka. Mzee Kondo hakuinua hata kichwa kutoka kwenye gazeti.

"Nimeona picha, Mzee."

"Namba ya chasisi?"

"Bado."

"Kadi?"

"Amesema ipo."

"Weka simu mfukoni, mwanangu. Kesho alfajiri twende Kisarawe. Na umwambie huyo kijana wako asiliwashe mpaka tufike."

Mzee Kondo alikuwa fundi wa Pijo tangu miaka ya 70, kwenye gereji za Pugu Road, barabara ambayo leo inaitwa Nyerere. Macho yalikuwa yameanza kumchosha, lakini masikio yalikuwa bado makali, na vijana wa Maili Moja walimwita asikilize injini kabla ya kufungua chochote.

Waliondoka na kirikuu cha Zahoro kabla jua halijachomoza, wakateremka Morogoro Road hadi Mbezi, wakakata kupitia Malamba Mawili na Kinyerezi kutafuta Gongo la Mboto. Njiani Zahoro aliuliza kama huyo Shankland alikuwepo kweli au ni maneno ya madalali.

"Alikuwepo. Bert Shankland, Mskochi aliyeishi hapa hapa Tanzania. Yeye na msoma ramani wake, Chris Rothwell, walishinda East African Safari mwaka 1966, wakarudia 1967, mara zote kwa 404."

Mzee aliongea kama aliyesubiri kuulizwa kwa miaka mingi. Mashindano yale, alisema, yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakawa ya kila Pasaka, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Pasaka ni masika, na barabara zilikuwa udongo mtupu. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 ikawa hivyo hivyo, saba. Miaka yote miwili gari lililoshinda lilikuwa 404. Ukijumlisha na zile mbili za Shankland, Pijo hilo lilishinda mara nne ndani ya miaka sita.

"Ndiyo maana jina lile linauza," alisema. "Lakini gari la mashindano lina karatasi zake. Lina picha zenye namba ile ile, lina barua za walioliingiza mashindanoni, lina orodha ya wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Hadithi isiyo na karatasi usiilipie hata senti."

Walipopanda kilima cha Pugu na kuingia Kisarawe mjini, Zahoro alipunguza mwendo atafute namba ya Kiduku aulize njia. Mzee Kondo alinyoosha kidole kushoto. "Shika hii ya vumbi. Ukiona mikorosho mitatu, simama." Zahoro akashika. Mikorosho ilikuwa mitatu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni, wanangu."

Bi Mwanaidi, mwenye gari, alitoka akijifunga khanga vizuri. Zahoro alimpa shikamoo, akampa pole ya mumewe aliyefariki. Mama akaipokea, akamgeukia Mzee Kondo na kumtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya mtu anayemkaribisha mgeni. Kisha akaita mjukuu alete viti. Kiduku alikuwa ameshafika, anafuta kioo cha mbele kwa shati kuukuu.

Kabla ya kukaa, Mzee Kondo alikwenda moja kwa moja kwenye gari akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiondoa.

"Tulisema lisiwashwe."

"Nililipasha tu kidogo, Mzee, lisiwasumbue."

Naomba nikae hapa kidogo, msomaji, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa. Injini iliyochoka hujisema asubuhi ikiwa baridi. Huwaka kwa shida, hugonga, hutoa moshi wa buluu ikiwa inakula oili, au moshi mweupe usiokoma ikiwa maji yameingia pasipo pake. Ikishapata joto, mengi kati ya hayo hujificha. Muuzaji anayekupashia gari amekunyima nusu ya ukaguzi, hata kama anakuita kaka kila sentensi.

"Basi litapoa," Mzee alisema. "Sisi tuna siku nzima."

Akatoa mfukoni sumaku ya spika iliyoviringishwa kitambaa laini, akaanza na mlango wa dereva. Sumaku ilishika. Akaiteremsha taratibu hadi kwenye ukingo wa chini, ule mhimili unaopita chini ya milango. Ikadondoka. Akaiokota, akarudia kiganja kimoja mbele. Ikadondoka tena. Rangi ilikuwa nzuri, inang'aa, lakini ndani yake kulikuwa na puti tupu.

"Lori lina fremu yake chini," alimweleza Zahoro. "Hili halina. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kutu ya mlangoni ni sura mbaya tu, unaweza kuishi nayo. Kutu ya hapa inataka lilale gereji, likatwe, lichomelewe upya, na kama fundi hajui kulikaza vizuri kabla ya kukata, milango haitafunga tena maisha."

Upande wa kulia sumaku ilishika mwanzo hadi mwisho. Akainua mikeka: sakafu ya mbele ilikuwa na kiraka cha bati la pipa. Akalala chali juu ya gunia na tochi, akagonga kwa mpini wa bisibisi pale shokapu za mbele zinaposhikilia bodi, akitegea mlio. Pazima. Kisha akamulika ndani ya rimu ya mbele, akaita.

"Unaona nini?"

"Diski, Mzee."

"Na kijana anasema la mwaka gani?"

"Sitini na sita."

"404 ya sedani ya mwaka 66 ilitoka na ngoma magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuja mwishoni mwishoni mwa miaka ya 60. Zinaweza kuwa zimebadilishwa, sikatai. Ila gari likisema hivi na dalali akasema vile, mimi nasikiliza gari."

Kiduku alipotaka kusema neno, Mzee alikuwa ameshafungua boneti. Aliinama juu ya kibao kidogo cha bati, akakifuta vumbi la mafuta kwa kidole gumba, akavaa miwani. Alikaa hapo kimya. Aliponyanyuka, alimshika Zahoro mkono, akamsogeza hadi upande wa pili wa mkorosho.

"Gari hili si la Shankland," alinong'ona. "Lakini huyo dalali hajui anauza nini. Wala huyo mama hajui."

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Mzee Kondo amesoma kibao chini ya boneti na kumvuta Zahoro pembeni. Sasa endelea.

Kibaoni kulikuwa na maandishi haya: 404 KF2.

"KF ni Kugelfischer," Mzee alieleza kwa sauti ya chini. "Kampuni ya Kijerumani. Ilitengeneza pampu inayopiga petroli kwenye kila silinda kwa kipimo chake, bila kabureta. Pijo la aina hiyo lilikuwa ghali hata likiwa jipya, na lilikuwa na nguvu kuliko haya ya kawaida. Magari ya Shankland nayo yalikuwa ya aina hiyo. Kwa hiyo huyo kijana ameokota uongo, uongo wenyewe ukakaa karibu na ukweli bila yeye kujua."

"Kwa hiyo ni mali."

"Bodi ni ya mali. Umeiangalia injini?"

Zahoro alirudi kuiangalia. Ilikuwa imelala ubavu, nusu ya njia kati ya kusimama na kulala, kama 404 zote. Juu yake ilikaa kabureta ya Solex. Pampu haikuwepo. Kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini yalibaki matundu yaliyozibwa kwa mpira. Mtu aliitoa injini ya asili, akaweka ya 404 ya kawaida, huenda ya pikapu.

Injini ilipopoa kweli kweli, kazi ikaanza upya. Mzee alichomoa kijiti cha oili. Ilikuwa nyeusi, nzito, haina weupe. Akafurahi, na alikuwa na haki. Silinda za Pijo hilo ni mikono ya chuma inayozungukwa na maji moja kwa moja, na mipira ya chini ikichoka maji huvuja ndani ya oili na kuigeuza rangi ya chai ya maziwa. Plagi zilizozama ndani ya kichwa cha injini zikatolewa kwa spana ndefu, geji ya kompresheni ikaingizwa tundu baada ya tundu, Zahoro akiwa kwenye ufunguo. Ya kwanza 125. Ya pili 120. Ya tatu 125. Ya nne ikaishia 85.

Mzee akamwaga kijiko cha oili kwenye tundu la nne, akapima tena. Sindano ikapanda hadi 110.

"Ringi," alisema. "Ingekuwa valvu, oili isingesaidia kitu."

Baada ya hapo akafanya jambo ambalo Zahoro, pamoja na duka lake zima la spea, hakuwahi kuliona. Aliingia chini nyuma, akalegeza nati ya difu, akakinga mafuta kidogo kwenye kifuniko cha kopo. Akatoka nayo juani. Alichovya vidole viwili, akayasugua taratibu, akavigeuza geuza kwenye mwanga. Ndani ya ule weusi kulikuwa na chembe ndogo, nyingi, zinazometameta rangi ya dhahabu. Zahoro akaleta sumaku. Hakuna chembe iliyoifuata.

"Haiwezi kuzikamata. Difu la Pijo hili halina meno ya chuma kwa chuma kama la Toyota. Kuna parafujo ya chuma inayosukuma gurudumu la shaba nyeusi. Halipigi kelele hata likiwa linakufa, ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake. Fundi akitegemea masikio hapa, anadanganyika. Hiyo unayoiona kidoleni ni gurudumu lenyewe."

Wakalijaribu barabarani. Mzee aliendesha kuelekea Minaki, gea za usukani zikiingia bila kukwaruza, akashika breki kwenye mteremko mikono ikiwa wazi aone gari litavuta upande gani. Lilikwenda wima. Alizunguka usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto. Aliachia mguu wa petroli kwenye mteremko mrefu, kisha akakanyaga ghafla akitazama kioo cha nyuma. Moshi wa buluu, kidogo, ukatoka na kukatika. Ilikuwa ile silinda ya nne.

Waliporudi, walikaa chini ya mkorosho na daftari la duka.

"Unaanza na bei gani?" Mzee aliuliza.

"Milioni 18."

"Hiyo ni bei ya kuomba. Futa. Nitajie 404 iliyouzwa kweli, pesa zikahesabiwa, mtu akaondoka nalo."

Zahoro hakuwa nayo. Mzee alikuwa nayo moja: sedani ya kabureta, nzima, inatembea, aliikagua yeye mwenyewe Morogoro mwaka jana, ikaenda kwa milioni 12. Walioomba 20 walikuwa bado wanaomba. Basi wakaandika 12 juu ya ukurasa. Kutoka hapo wakatoa mhimili wa kushoto na sakafu, milioni mbili na laki mbili. Difu, milioni moja na nusu, kwa sababu gurudumu lile itabidi litafutwe Nairobi au Ufaransa. Injini kufunguliwa na kufungwa ringi mpya, milioni moja na laki tatu. Mipira ya vioo na nyaya za umeme zilizounganishwa kwa selotepu, laki sita. Ikabaki milioni sita na laki nne.

"Na KF2?"

"KF2 bila pampu ni maandishi kwenye bati. Pampu ikipatikana, pamoja na kichwa chake na mabomba yake, hesabu hii yote unaichana. Hapo naanza na milioni 15 na sioni aibu. Ukitaka kuleta jingine kutoka Ulaya utalipia meli, kisha TRA wakupigie ushuru wa kawaida na ushuru wa uchakavu juu yake, maana lina zaidi ya miaka 10. Ndiyo maana gari lililomo nchini tayari, lenye namba zake, lina thamani ya peke yake."

Kiduku alikuwa amesogea, anachungulia daftari. "Sita? Wazee, mnataka kumdhulumu mama! Kuna mtu wa Mbezi ameshatoa 16."

Bi Mwanaidi alikuwa ameleta mihogo ya kuchemsha na kachumbari. Aliweka sinia mezani, akasimama.

"Samahani wanangu. Nasikia mnasema kumi na nane, kumi na sita. Hizo ni za nini?"

"Bei ya gari, mama," Zahoro alijibu.

Mama akamgeukia Kiduku. "Mimi si nilikwambia tisa?"

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Bi Mwanaidi amesema bei yake ni milioni tisa. Dalali alitaja 18. Sasa endelea.

Kiduku alijaribu kucheka, akakuta hakuna wa kucheka naye. Alijieleza: gharama za picha, gharama za nauli, kila dalali anaweka cha juu. Kweli, wanaweka. Lakini cha juu cha milioni tisa juu ya milioni tisa ya mjane kinaitwa wizi, nami sina jina jingine la kukipa. Mzee Kondo hakumfokea. Alimwambia tu kwamba mwenye gari yupo, mnunuzi yupo, na akitaka ujira wake wa haki akae kwenye kiti asikilize. Kiduku akachukua pikipiki yake akaondoka.

Sasa Zahoro akabaki na jambo gumu kuliko dalali. Mama anataka tisa. Yeye ana 14. Kama pampu ipo mahali fulani ndani ya nyumba ile, angeweza kulipa tisa, kushukuru, kupakia, na kuondoka na gari la milioni 15 au zaidi. Hakuna mahakama ambayo ingemwita. Alimtazama Mzee Kondo apate ishara, lakini Mzee alikuwa ameinamia muhogo wake.

"Mama," Zahoro alianza, "gari hili kwa hali yake ya leo halifiki tisa. Linafika sita na laki nne. Hesabu ni hii hapa, nitakusomea moja moja." Akasoma. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa kwenye mhimili, akauliza swali kuhusu difu. "Lakini kuna kitu kinakosekana. Kama kipo, thamani yake inazidi hiyo tisa yako sana. Sitaki uniuzie bila kujua."

Bi Mwanaidi alikaa kimya, kisha akasema jambo lililomfanya Zahoro ashukuru kwamba alifungua mdomo. Pesa ile haikuwa yake peke yake. Marehemu aliacha watoto watano. Ukoo ulikaa kikao, ukampendekeza yeye, Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kila shilingi ya gari lile angeitolea maelezo mbele ya warithi.

Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Zahoro alipanga karatasi mezani. Cheti cha kifo kilikuwepo. Barua ya usimamizi ilikuwepo, ina muhuri, ina jina lake. Bila karatasi hiyo mjane hana mamlaka ya kuuza, hata kama gari limelala uani kwake miaka 40, na mnunuzi anayelipa bila kuiona ananunua kesi. Kadi ya gari ilikuwa kwa jina la marehemu. Namba ya chasisi ililingana na ya kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Mzee alizisoma kwa sauti, Zahoro akafuata kwa kalamu. Namba ya injini haikulingana.

"Tulijua," Mzee alisema. "Hiyo mtaipeleka TRA irekebishwe wakati wa kubadilisha umiliki, na mama aandike kwenye mkataba kwamba injini si ya asili. Na deni la ada ya leseni ya mwaka lisikutishe. Ada ile ilifutwa mwaka 2017."

Chini kabisa ya bahasha kulikuwa na kadi ya zamani zaidi, imekunjwa mara nne, imetoboka mikunjoni. Mmiliki wa kwanza alikuwa mgeni, mwaka 1969, na anwani yake iliandikwa Kibaha. Zahoro aliisoma tena. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanzishwa Kibaha mwaka 1963, ambao Serikali ilikabidhiwa mwaka 1970 na leo ni Shirika la Elimu Kibaha, ulileta walimu, madaktari na wataalamu wa kilimo kutoka Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mmoja wao aliondoka na mabegi yake, akaliacha Pijo nyuma. Kumbe gari lililotangazwa kuwa la Shankland lilikuwa la majirani wa Zahoro mwenyewe.

"Marehemu alilinunua mwaka 1979," mama alisema. "Pampu ilipoanza kusumbua, hakukuwa na fundi wala spea, nchi imetoka vitani. Akatia injini nyingine. Vitu vya zamani alivifunga, akasema havitupwi."

"Kwenye lile boksi la mbao," Mzee Kondo alisema.

Zahoro aligeuza shingo. Mama naye aligeuka. Hakuna aliyekuwa ametaja boksi.

"Lipo stoo," mama alijibu polepole. "Funguo anayo shemeji yangu Pazi."

Pazi alipigiwa simu. Alikuwa Maneromango, akasema anakuja na bodaboda, na kweli alifika jua likiwa limeanza kuinama, amevaa kanzu ya msikitini. Hakuwa na ubishi aliousubiri Zahoro. Aliwasalimu, akauliza wageni wametoka wapi, akatoa funguo. Wanaume wawili walilitoa boksi hadi barazani. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likataka mafuta na nyundo.

Ndani kulikuwa na gunia, na ndani ya gunia kitambaa kilicholowa grisi ya miaka. Zahoro alikifunua. Pampu ilikuwa nzima, nzito, na matundu yake manne ya kutolea petroli yamezibwa kwa vizibo vya mbao vilivyochongwa kwa mkono ili vumbi lisiingie. Chini yake yalilala mabomba manne, na kichwa cha injini cha alumini kikiwa kimefungwa kwenye magazeti. Mtu aliyevitunza hivi alikusudia kuvirudisha.

"Milioni 15," Zahoro alisema kwa sauti, na hakujali tena kwamba yeye ana 14. "Mama, sasa gari lako linaanzia 15."

Bi Mwanaidi aliweka mkono kifuani. Pazi akasema alhamdulillahi. Mzee Kondo hakusema kitu. Alikuwa amesimama mbali na boksi, karibu na kirikuu, mkono mmoja umeshika mlango.

Zahoro aliinua gazeti la mwisho ili atazame uso wa kichwa cha injini kama umepinda. Karatasi ikaanguka. Ilikuwa ya daftari la shule, imepigwa stempu ya kodi na kutiwa saini mbili, mwaka 1994. Mwandiko ulikuwa wa marehemu. Mama aliutambua hata kabla hajavaa miwani, akamwambia Zahoro asome.

"Nimepokea shilingi laki nne taslimu, malipo ya awali ya gari langu Peugeot 404 pamoja na pampu na vifaa vyake vyote. Gari nitalitunza mpaka mnunuzi atakapomaliza salio. Sitaliuza kwa mtu mwingine."

Akashuka hadi kwenye saini ya pili. Alilifahamu jina lile. Alilisikia kila asubuhi kwenye benchi la duka lake.

"Mzee Kondo," Zahoro aliita. "Hii ni saini yako?"

Bi Mwanaidi alivua miwani, akamtazama yule mgeni wa asubuhi. "Nilikuwa najiuliza tangu ulipoingia nimekuona wapi," alisema. "Ulikuwa na nywele nyeusi wakati ule. Mume wangu alikusubiri mpaka anakufa."

Pazi alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe hadi mwisho. Nyuma yake hakukuwa na maandishi yoyote: laki nne ile haikuwa imerudishwa, na ahadi ile haikuwa imefutwa.

Itaendelea Jumamosi ijayo.